Wenye punda Igunga, Nzega na Tabora mjini: tuwavue nira ya ng'ombe

Mkokoteni Igunga:

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu ni wa wenye punda na wa kila anayekodi punda kubeba maji, mpunga, matofali au kuni. Mpunga unatoka majarubani sasa hivi na barabara za kwenda mashineni zimejaa mikokoteni. Simama pembeni nusu saa tu, umwangalie kila punda anayepita pale mabega yanapokutana juu, mwanzo wa mgongo. Utaona kidonda chekundu cha ukubwa wa kiganja, nzi wametanda, na mti wa nira unapanda na kushuka juu yake kila mnyama anapopiga hatua. Wengine wana kovu lisilo na nywele la msimu uliopita, na kidonda kipya kimefunguka juu ya kovu hilo hilo.

Nira tuliyoizoea ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, mti unakaa mbele ya nundu unashika, naye anasukuma kwa shingo na mabega. Punda hana nundu. Pale juu ana mifupa iliyofunikwa na ngozi na nyama kidogo. Nguvu yake iko kifuani. Ukimvika nira, mti unakosa pa kushika, unateleza mbele na nyuma, unasaga ngozi, na kamba ya chini inamkaba koo. Akisimama kupumua anachapwa, tunasema punda ni mkaidi.

Kinachomfaa ni mkanda wa kifua, na kuutengeneza hakuhitaji ufundi mkubwa. Mkanda uwe mpana, usipungue sentimita 8, yaani vidole vinne vikiwa vimebanwa pamoja. Unapita mbele ya kifua kutoka bega hadi bega. Ukipanda sana unabana koromeo, hapati pumzi. Ukishuka sana unagonga lile fupa la bega linalochomoza mbele, anashindwa kurusha mguu. Mahali pake ni juu kidogo ya fupa hilo na chini ya pale shingo inapoanza. Mkanda mwingine mwembamba unapita juu ya mabega ili kuushikilia usishuke. Huu wa juu hauvuti chochote, kazi yake ni kushikilia tu.

Malighafi tunayo. Nenda gereji kwenye magari mabovu, nunua mikanda ya viti, unganisha miwili kwa upana, mpe fundi viatu aishone, upande wa ndani aweke blanketi kuukuu la pamba. Turubai gumu nalo linafaa. Kamba ya nailoni isiguse ngozi hata kidogo, inakata kama wembe. Na ule mpira wa ndani wa tairi tunaoupenda, ukiuweka moja kwa moja mwilini jasho linakosa pa kwenda, ngozi inalainika, kisha inachubuka.

Nasisitiza hili kwa sababu punda hasemi. Mbuzi akiumia utamsikia mtaa mzima. Punda ananyamaza na kuendelea kuvuta. Hata akiwa mgonjwa sana anaweza kuinamisha kichwa kwenye majani ukadhani anakula, kumbe hamezi kitu. Ukingoja mpaka aonyeshe maumivu waziwazi, umechelewa. Kwa hiyo macho yetu ndiyo mdomo wake. Kila asubuhi kabla ya kumfunga pitisha mkono mabegani, kifuani, chini ya mkia na kwenye kwato. Ukikuta joto, uvimbe au manyoya yaliyoanza kukatika, siku hiyo apumzike.

Karibuni kwa maswali na uzoefu.

Fundi wa Bukene:

Mkuu, heshima kwako. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mikokoteni ninayotengeneza ni ya punda wawili na mti mmoja wa katikati. Nakuelewa kuhusu mkanda wa kifua. Sasa niambie, nira ikiondoka, uzito wa ule mti nani ataubeba? Na mkanda nitaufunga wapi?

Mkokoteni Igunga:

Swali la fundi kweli. Kuvuta na kubeba ni kazi mbili tofauti, na nira inazichanganya zote kwenye sehemu moja ya mwili. Sisi tunazitenganisha.

Kuvuta: kila punda awe na kijiti chake cha kuvutia nyuma yake, kamba mbili za mkanda wa kifua zifungwe kwenye ncha za kijiti hicho. Kijiti chenyewe kishikwe katikati kwa pete ili kicheze. Punda akitembea bega moja linatangulia, kisha lingine. Kijiti kikicheza, mkanda unamfuata. Ukikichomelea kikakaza, mkanda unabaki palepale na bega linajisugua.

Kubeba: kila punda avae tandiko dogo mgongoni lenye pedi mbili, moja kulia na moja kushoto, katikati paachwe mfereji ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Mti wa katikati unaning'inia kwenye boriti fupi inayoshikwa na mikanda ya matandiko hayo mawili. Halafu pima mizani kabla hawajaondoka. Mkokoteni ukiwa na mzigo, inua ncha ya mti kwa mkono mmoja. Usipoweza kuinuka, magunia yako mbele mno. Ukiinuka wenyewe, yako nyuma mno, na mikanda itamnyanyua punda kwa tumbo. Sogeza magunia mpaka mti utulie mkononi.

Usisahau mkanda wa nyuma, unaopita chini kidogo ya matako. Pasipo huo, kwenye mteremko mkokoteni unawagonga miguu ya nyuma. Na beringi ziwe nzima, zitiwe grisi. Gurudumu linalolia linakula nguvu za punda bure.

Dada wa Ng'ambo:

Mimi sina punda, nanunua maji kwa wanaopita na punda mitaa yetu hapa Tabora mjini maji ya bomba yakikatika. Kila punda ana madumu manne ya lita 20. Vijana wanasema ndiyo kawaida. Nimekuwa nikijisikia vibaya, ila sijui kama ni huruma tu au kuna kosa kweli.

Mkokoteni Igunga:

Dada yangu, hesabu iko wazi. Mnyama wa kubeba mgongoni asizidishiwe theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu wengi wana kilo 150 au chini. Theluthi ni kilo 50. Madumu manne ni kilo 80 kabla hujaweka tandiko. Madumu mawili ni kilo 40, moja kila upande, hayo anayabeba vizuri, na ukijumlisha tandiko bado yuko ndani ya mpaka.

Wewe kama mteja una nguvu kuliko unavyodhani. Mwambie kijana utanunua kwa mwenye madumu mawili, au mwenye mkokoteni. Kwenye mkokoteni uzito unabebwa na magurudumu, punda huyo huyo anafikisha maji mengi zaidi bila kupinda mgongo. Wanunuzi watano wa mtaa mmoja wakisema hivyo, vijana watabadilika haraka kuliko kwa mkutano wowote.

Tena waulize kama punda mwenyewe amekunywa. Inauma kuona punda anabeba maji tangu alfajiri na hajapewa hata ndoo moja. Kwa siku anahitaji lita 15 hadi 25, na kwenye jua la Oktoba zaidi ya hapo. Punda anavumilia kiu kuliko farasi au ng'ombe, ndiyo maana tunamsahau. Maji yawe safi, maana akisikia harufu ya mafuta au sabuni kwenye ndoo anakataa na kubaki na kiu yake.

Mzee wa Ziba:

Wanangu, nimesoma yote. Nira tumeikuta kwa baba zetu na kazi imefanyika, pamba na mpunga wa Igunga ulisafirishwa na punda hao hao. Punda akichoka unauza, unachukua mwingine mnadani. Haya mambo ya mikanda na pedi ni gharama kwa mkulima mdogo. Naomba msimlaumu mkulima.

Mkokoteni Igunga:

Shikamoo mzee wangu. Simlaumu mkulima, mimi mwenyewe ni mkulima na punda ndiye anayenilisha.

Naomba tuangalie hilo la kuuza na kununua. Zamani punda walikuwa wengi na bei ilikuwa ndogo, ni kweli. Kisha likaja soko la ngozi. Ngozi ya punda inachemshwa China kutengenezea gundi ya dawa, na hapa nchini machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Shinyanga ni jirani zetu wa karibu. Wewe mwenyewe unakumbuka punda walivyokuwa wakipotea usiku kwenye mazizi, na bei ilivyopanda. Mwaka 2022 serikali ikapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15.

Marufuku hiyo haiwarudishi walioondoka, na kuwajaza tena mazizini ni kazi ya polepole. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima, wengine wanapitiliza mpaka miezi 13 au 14, na anazaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kuvuta mzigo kamili mpaka afikishe miaka minne. Ukijumlisha, punda unayemchosha leo kumpata wa badala yake ni karibu miaka mitano. Akitunzwa anafika miaka 30 na anafanya kazi sehemu kubwa ya umri huo. Mkanda wa mikanda ya gari na blanketi, mzee wangu, hauwezi kufikia bei ya punda.

Na sheria ipo pia. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, nayo inakataza kumtumikisha mnyama mgonjwa au mwenye jeraha.

Mzee wa Ziba:

Marahaba. Hiyo hesabu ya miaka sikuipinga. Endeleeni.

Mfugaji Puge:

Asante kwa uzi. Wangu ana kidonda tayari, pale pale mlipotaja, kinatoa usaha. Jirani ananiambia nipake oili chafu ya pikipiki ili nzi wakimbie, mwingine anasema unga wa betri. Nifanye nini?

Daktari Mifugo Uyui:

Habari zenu. Nimekuwa nasoma kimya, hapa lazima niingie. Ndugu yangu, weka mbali oili na unga wa betri. Vyote viwili vinaunguza nyama mpya inayojaribu kuota, na unga wa betri una madini ambayo ni sumu yakiingia mwilini.

Chemsha maji, yaache yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Osha kwa kumwagia, tumia bomba la sindano lisilo na sindano ili maji yafike ndani. Toa uchafu na nywele zilizoingia, punguza kwa mkasi manyoya ya kando. Kisha paka asali. Tabora hatuhitaji kuitafuta mbali, chukua asali mbichi safi isiyochanganywa na sukari, paka tabaka jembamba mara moja au mbili kwa siku. Asali inafyonza maji ya kidonda, inazuia bakteria na inasaidia nyama kuota. Mchunge asilambwe na wenzake, na nyuki wakianza kumfuata funika kwa kitambaa safi cha pamba. Pembeni mwa kidonda, kwenye ngozi nzima, unaweza kupaka mafuta ya mwarobaini kupunguza nzi. Kama kuna funza, niite mimi au mwenzangu wa kata yako.

Kisha apumzike. Hakuna dawa inayoponya kidonda kinachovikwa nira kila asubuhi. Kidonda cha ukubwa huo kinaweza kuchukua wiki kadhaa, na nyama ikishafunika bado ngozi ni laini, mpe muda zaidi kabla hujamfunga mkanda.

La mwisho kwako ni pepopunda. Punda na farasi wanashambuliwa nayo kirahisi sana, kwa sababu vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na mavi yao wenyewe, na vinaingilia kwenye majeraha yenye kina, hasa msumari kwenye kwato. Ukimwona anatembea kakakamaa, mkia umenyanyuka, masikio yamesimama, na ngozi nyeupe ya pembe ya jicho inafunika mboni ukimshtua kidogo, usingoje kesho. Chanjo ipo na ni bora mara nyingi kuliko kutibu.

Mchunga Kaliua:

Daktari, huku kwetu Kaliua karibu na misitu shida kubwa ni ndorobo. Ng'ombe tunawapiga sindano ya unga ule wa manjano kila wakionekana wamedhoofu. Punda naye nimpige dozi ile ile?

Daktari Mifugo Uyui:

Usimpige kwa kukisia. Miombo ya Kaliua, Urambo na Sikonge ina mbung'o kweli, ndio hao ndorobo, na punda anapata nagana, ugonjwa wa damu wanaoueneza. Yeye mara nyingi haonyeshi kwa ghafla. Anakonda huku anakula, ufizi unakuwa mweupe, anavimba chini ya tumbo au miguuni, homa inakuja na kuondoka. Lakini minyoo nayo inaleta kukonda na ufizi mweupe, kwa hiyo damu ipimwe kwanza.

Ile dawa ya manjano ng'ombe wanaivumilia vizuri. Punda na farasi hawaivumilii hivyo, ikizidi kidogo inamletea maumivu ya tumbo na kumharibu mishipa ya fahamu, na pale ilipochomwa panavimba sana. Dozi ipangwe na mtu aliyempima uzito kwa utepe. Kwa kujikinga, usimpitishe msituni mchana wakati mbung'o wanawinda, na weka mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi karibu na zizi na kisima, maana rangi hizo zinawavuta.

Na kwa kuwa tumefika kwenye dawa za ng'ombe, naomba kila mmoja aandike haya mawili ukutani. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, ambayo wengi wenu mnaitumia kwa kupe wa ng'ombe, isimguse punda. Inasimamisha utumbo, kinyesi kinaziba, anakufa kwa maumivu. Soma kibandiko, kama imeandikwa amitrazi tafuta nyingine. La pili ni chakula cha kuku chenye monensini. Kwa kuku inazuia kuhara damu. Kwa punda na farasi ni sumu ya moyo, kiasi kidogo tu kinatosha. Gunia la chakula cha kuku lisihifadhiwe mahali punda anapofika.

Mfugaji Puge:

Daktari, samahani nakurudia. Huyu huyu mwenye kidonda tangu jana hali vizuri. Amesimama tu kainamisha kichwa. Nikadhani ni kidonda.

Daktari Mifugo Uyui:

Hii ni dharura, usiifanye ya kesho. Punda asipokula hata siku moja, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi, mafuta yanajaa kwenye damu na kwenye ini, na yeye anazidi kukosa hamu. Wanene na majike wenye mimba wako hatarini zaidi. Wengi wanakufa kwa hili wakati ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo tu.

Sasa hivi fanya hivi. Weka sikio kwenye ubavu, pande zote mbili, chini na juu. Unapaswa kusikia mngurumo. Kimya kirefu ni dalili mbaya. Bonyeza ufizi kwa kidole, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Vuta ngozi ya shingo, ikibaki imesimama amekaukiwa. Kama una kipimajoto, punda mkubwa mzima anakaa karibu nyuzi 37, ikifika 38.5 ana homa. Angalia kinyesi kama kipo na kama kina mifuko ya plastiki, maana wanaozurura kwenye majalala wanameza plastiki na kuzibwa. Mpe majani mabichi laini, maganda ya tikiti, chochote atakachokubali, na mweke pamoja na rafiki yake. Punda akitengwa na mwenzake aliyezoeana naye anaacha kula kwa huzuni tu, hili nimeliona mara nyingi.

Usimnyweshe kitu kwa nguvu kwa chupa, kinaingia kwenye mapafu. Na kama aliwahi kung'atwa na mbwa au fisi siku za karibuni, usiingize mkono mdomoni mwake kabisa, kichaa cha mbwa kinampata punda pia. Nipigie kupitia ofisi ya kata, tupange.

Mfugaji Puge:

Tumbo upande wa kulia kimya. Ufizi ni mwekundu kupita kawaida. Nimeshampigia afisa wa kata, anakuja na pikipiki.

Mwanafunzi Cheyo:

Samahani kama naingilia, naombea huyo punda apone. Swali langu ni tofauti. Mimi ndoto yangu ni farasi, kupanda na kufundisha. Kwa nini Tabora hatuna farasi wakati punda wapo tele? Mtu akileta farasi wawili wataishi?

Daktari Mifugo Uyui:

Swali zuri, na jibu liko kwenye historia ya hapa hapa. Stanley, yule mpelelezi wa kizungu, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuelekea Unyanyembe, yaani hapa Tabora, alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa njiani. Bara hili lina vitu viwili vinavyommaliza farasi. Cha kwanza ni nagana niliyoieleza. Cha pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyobebwa na usubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma jioni. Mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na kwa farasi ambaye hajawahi kukutana nao tisa kati ya kumi wanaweza kufa. Punda na pundamilia wanaupata bila kuugua sana. Maana yake punda wa jirani anaweza kuwa mzima kabisa huku usubi wanachukua virusi kwake na kumpelekea farasi wako.

Haina maana haiwezekani. Farasi wanaishi Arusha na Dar es Salaam kwa uangalizi mkubwa. Anachanjwa kwa mpango, anaingizwa bandani kabla jua halijazama na kutolewa likishachomoza, madirisha yana wavu wenye matundu madogo sana, na maji yaliyotuama na matope yenye mbolea yanaondolewa. Ongeza chakula, yeye ni mlaji ghali kuliko punda, na mtu wa kumkata kwato kila wiki sita hadi nane.

Ushauri wangu ni huu, anza na punda. Kushika hatamu, kusoma masikio, kumfanya mnyama akuamini, kusafisha kwato, kumtambua mgonjwa, yote hayo utayajua kwa punda na hayatapotea siku utakapofika kwa farasi. Kumpanda punda inategemea uzito wako, ile theluthi inakuhusu na wewe.

Mkokoteni Igunga:

Nakuunga mkono, daktari. Na kijana, kama unapenda kufundisha, njoo kwenye punda mchanga uone kazi ilivyo tamu.

Wengi wetu tunamfunga kwenye mkokoteni siku ya kwanza na kumpiga mpaka atembee. Anatembea, lakini maisha yake yote atakuwa anaogopa mkokoteni. Punda akiogopa hakimbii kama farasi, anaganda. Anasimama kama mti anafikiria. Huo ndio tunaouita ukaidi. Ukimchapa wakati huo unamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Anza angali mdogo kumshika mwili, masikio, miguu. Mfundishe kuongozwa kwa kamba, ukivuta kidogo naye akipiga hatua moja, legeza papo hapo. Kulegeza ndiyo zawadi. Akizoea, mvike mkanda wa kifua mtupu atembee nao. Kisha muongoze kwa hatamu mbili ndefu ukiwa nyuma yake, mwenzako yuko kichwani. Akifika miaka mitatu mfungie tairi kuukuu avute kwenye mchanga ili azoee kitu kinachomfuata kwa kelele. Mkokoteni mtupu unafuata, akiwa sambamba na punda mzee mtulivu, huyo atamfundisha kuliko wewe. Mzigo mwepesi baadaye, mzigo kamili miaka minne. Vipindi viwe vifupi, umalize akiwa amefanya vizuri. Majike wenye mimba wapumzishwe miezi mitatu ya mwisho na mitatu ya kwanza ya kunyonyesha.

Dada wa Ng'ambo:

Nimewaambia vijana wa maji. Mmoja amekasirika, mmoja amepunguza mpaka madumu mawili na mimi na majirani tunanunua kwake. Sasa ameniuliza swali nimeshindwa, anataka kununua punda wa pili mnadani, atajuaje umri? Wauzaji wote wanasema miaka mitatu.

Mkokoteni Igunga:

Mpe pongezi zangu. Afungue midomo ya mbele aangalie meno ya kukatia ya chini, sita. Ya utoto ni madogo, meupe na yana shingo nyembamba. Yale mawili ya katikati yanabadilika karibu miaka miwili na nusu, yanayofuata miaka mitatu na nusu, ya pembeni miaka minne na nusu. Yakiwa yote sita makubwa, amefika miaka mitano au zaidi. Akikuta yale yanayofuata ya katikati bado ni ya utoto, huyo hajafika umri wa kazi nzito hata muuzaji aape. Meno marefu yaliyolala kuelekea mbele ni mzee.

Akimaliza meno amtembeze kwenye ardhi ngumu bila mzigo. Kichwa kikipanda na kushuka kila hatua, anachechemea. Ainue kila mguu aone kwato, kama zimepasuka au zimeinuka mbele kama kiatu, matengenezo yake ni ya miezi mingi. Na anyanyue blanketi. Muuzaji aliyemfunika punda mgongo kwenye jua la saa saba ana sababu.

Mfugaji Puge:

Wakuu, narudisha habari. Afisa alikuja usiku, akamkuta kaziba. Akampa dawa ya maumivu na kumpitishia maji na mafuta kwa mpira wa puani. Alfajiri ametoa kinyesi, kulikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni ndani yake. Leo ameng'ata majani ya karanga mwenyewe. Kidonda naosha kwa maji ya chumvi na nimepata asali ya Sikonge. Daktari, Mungu akubariki.

Daktari Mifugo Uyui:

Habari njema. Majani kidogo kidogo mara nyingi, asijazwe. Maji muda wote. Sikiliza tumbo asubuhi na jioni wiki hii yote.

Fundi wa Bukene:

Mkuu wa uzi, nimeshona seti mbili kwa mikanda ya gari na kutengeneza vijiti vinavyocheza. Tumezijaribu jana na gunia sita za mpunga. Wamevuta vizuri, kamba hazikupinda. Ila mmoja manyoya yameanza kulala na kukatika kidogo pale mbele ya bega la kushoto tu, la kulia safi. Mkanda uko usawa uliosema. Kosa liko wapi?

Mkokoteni Igunga:

Kazi nzuri sana fundi. Upande mmoja tu ukisugua, mkanda wenyewe hauna tatizo, angalia kamba. Pima zote mbili kutoka kwenye mkanda hadi kwenye kijiti, ya kushoto itakuwa fupi. Zikiwa sawa, angalia pete ya katikati ya kijiti kama imekwama kwenye chomeleo, izungushe kwa mkono uone kama inaenda huru. La tatu, punda huyu akiwa anatembea karibu zaidi na mti kuliko mwenzake, refusha ile boriti fupi upate nafasi ya kiganja kizima kati yao na mti. Mpumzishe mpaka manyoya yasimame, kisha jaribu na mkokoteni mtupu kwanza. Ukishapata vipimo vinavyomkaa, viandike hapa, kuna watu wa Nzega wanavisubiri.